Fomu ya Jumatatu

Nyumbani kwa Mama
Jumatano, 9 Aprili

Kasuku,

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu utanikatiza. Kazi yako imekuzoeza hivyo. Barua haikatizwi, kwa hiyo kaa chini uisome mpaka mwisho.

Jana saa tano asubuhi nilikuwa wodini nikibadilisha shuka la kitanda namba nne. Redio ya mhudumu wa usafi ilikuwa dirishani, kama kawaida siku ambazo Bunge linakaa. Nikasikia sauti yako: "Mheshimiwa Spika, naomba kuchangia hoja ya Wizara ya Afya." Nikatabasamu. Nikamwambia mhudumu, huyo mdogo wangu, leo wataisoma namba.

Kisha ukaanza kusoma daftari langu.

Hukudokeza. Ulisoma neno kwa neno: "Alhamisi, tarehe 6 Machi. Saa nane na dakika kumi mchana, mitungi ya oksijeni yenye hewa ni miwili, watoto wanaohitaji ni wanne. Tunawapokezana. Mtungi wa tatu nimeugonga kwa ufunguo, umelia kama debe tupu. Saa tisa na dakika ishirini na tano, mtoto wa kitanda namba mbili amekata roho. Saa kumi na dakika tano, mtoto wa kitanda namba sita."

Wenzako wakapiga meza. Wanapigia meza nini, Kasuku? Vifo vya wale watoto, au jinsi ulivyosoma vizuri?

Nikukumbushe. Daftari langu la Jumapili, tarehe 23 Machi, linasema: "Mdogo wangu amekuja kumwona Mama. Nimemsomea ukurasa wa ile Alhamisi. Amenakili nyuma ya bahasha. Ameahidi kumwandikia Waziri barua ya faragha, hatataja wodi, siku wala saa." Niliandika ahadi yako siku ileile kwa sababu nakujua tangu uko mgongoni kwangu.

Zamu ile tulikuwa wawili, mimi na msaidizi wangu, naye akiandika sentensi mbili kalamu inamchoka. Unadhani watahitaji mpelelezi?

Dada yako

*

Hosteli ya wabunge, chumba namba 14
Jumamosi, 12 Aprili

Dada yangu mpendwa,

Nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimesimama. Nisamehe. Acha nieleze ilivyokuwa, kisha unitukane vizuri zaidi.

Sisi wa upinzani tunapewa dakika tano, na tunaitwa mwishoni, wakati nusu ya ukumbi imeshakwenda kunywa chai. Nilikuwa nimejiandaa na hotuba yangu, takwimu kurasa nne. Lakini mchangiaji aliyenitangulia alikuwa Waziri mwenyewe, akitoa ufafanuzi. Akasema, na mikono mfukoni: "Hakuna mtoto hata mmoja nchini aliyepoteza maisha kwa kukosa oksijeni. Anayejua vinginevyo alete." Akakaa. Wakacheka. Spika akaniita mimi.

Ile bahasha niliyonakilia daftari lako ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti. Mkono ulikwenda wenyewe. Nilipofika kwenye ule mtungi uliolia kama debe, waliokuwa mlangoni na vikombe walirudi wakakaa. Miaka minne nachangia humo ndani, Dada. Nimezungumzia barabara, maji, vitabu vya shule. Hawajawahi kurudi kukaa.

Najua hilo si jibu.

Spika amenipa hadi Jumanne, tarehe 22, nithibitishe au nifute kauli yangu. Nisipofanya mojawapo nasimamishwa vikao kumi na tano. Sitamtaja mtu. Hata wakinitoa nje kwa kola, sitakutaja. Hilo liandike kwenye daftari pia.

Mwambie Mama kikohozi kimeisha.

Mdogo wako

*

Nyumbani
Jumamosi, 19 Aprili

Mheshimiwa,

Hukuhitaji kunitaja. Jumanne matroni aliniita ofisini. Orodha ya zamu ya mwezi Machi ilikuwa mezani, mstari wa tarehe 6 umepigwa wino mwekundu.

"Karibu, mwandishi," akasema. "Kaa."

"Nimezoea kusimama, matroni."

"Nani aligonga mtungi kwa ufunguo?"

"Wote tunagonga. Geji za kupimia hewa zimekufa tangu mwaka juzi. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha kusikiliza mlio."

Akafunga mlango kwa mguu. "Mimi nilikufundisha kazi. Sikukufundisha kupeleleza." Kisha akaandika, huku akisoma kwa sauti ili nisikie kila neno: "Kuanzia leo, chumba cha kufulia."

Miaka kumi na tisa ya uuguzi, Kasuku, na sasa nakunja mashuka na mabinti wawili wanaoniita bibi. Mvuke unapanda mpaka miwani haionyeshi kitu. Jana nilikunja shuka lenye namba mbili pembeni. Nilikaa nalo kidogo.

Nimekasirika mpaka nimetulia. Nilikukataza kusema, ukasema. Basi, limeshasemwa. Sasa sikuruhusu kurudi nyuma hata hatua moja. Mke wa mjomba anakuja huko kliniki ya macho, amebeba kifurushi. Ndani kuna daftari zima, kuanzia Januari. Liweke mezani kwa Spika. Mwandiko ni wangu na niko tayari kuitwa. Makaratasi mengine ya wodi usihangaike nayo, daftari linatosha.

Lirudi. Mwaka huu sina jingine.

Dada yako

*

Chumba cha kufulia
Jumatano, 23 Aprili

Wewe,

Jana tulizima mashine ili tusikie. Mabinti, mimi, mhudumu wa usafi aliyeleta redio yake, na mshonaji, mama wa mtoto wa kitanda namba mbili. Huyo nilimwalika mwenyewe. Nilimwambia njoo usikie jina la mwanao likipewa heshima yake.

"Mheshimiwa Spika, baada ya kutafakari kwa kina, nafuta kauli niliyoitoa tarehe 8 Aprili. Naomba radhi kwa Kiti chako na kwa Waziri."

Nilitazama saa ya ukutani, ulitumia sekunde kumi na mbili. Uliposoma daftari langu ulichukua dakika nne. Spika akakupongeza kwa ukomavu, akaagiza maneno yote ya siku ile yaondolewe kwenye Taarifa Rasmi. Upande wa pili wakapiga meza. Umepigiwa meza na pande zote mbili kwa watoto walewale wawili. Si kila mbunge anaweza kujisifu hivyo.

Mshonaji hakulia. Aliniuliza, taratibu kabisa: "Dada, maneno yakifutwa, mwanangu anakuwa amekufa na nini?"

Nikampa maji.

Mama naye alisikiliza nyumbani. Nilipofika nilikuta redio imegeuzwa inatazama ukuta. "Yule si mwanangu," akasema. "Wangu akidanganya hukohoa kwanza."

Daftari ulikuwa nalo. Mke wa mjomba amenithibitishia, alikukabidhi mkononi Jumapili, ukamnunulia soda. Ulikuwa na tarehe, saa, mwandiko, na mtu aliye tayari kuitwa. Ulikosa nini?

Mara ya kwanza ulisema bila kuniuliza. Mara ya pili umenyamaza bila kuniuliza. Daftari ni la nani?

*

Hosteli, chumba namba 14
Jumamosi, 26 Aprili

Dada,

Nimefanya nililoona linafaa. Nilikuwa nakulinda. Naomba usiulize zaidi, na naomba usimwambie yeyote kwamba ulinitumia daftari.

Wasalimie.

Mdogo wako

*

Nyumbani
Jumatano, 30 Aprili

Mheshimiwa Mbunge,

Mistari mitatu. Hata fundi viatu akinipotezea kiatu hujieleza zaidi ya hapo.

Ulikuwa unamlinda nani? Mimi wameshanitoa wodini. Kilichobaki cha kulindwa ni vikao vyako kumi na tano, na sasa hata kijana wa duka la dawa anajua hesabu hiyo. Jana alinirushia kutoka ng'ambo ya barabara: "Mama muuguzi, Mheshimiwa amemaliza kutafakari kwa kina?" Watu foleni nzima wakacheka. Nami nikacheka, maana ningefanya nini?

Baba alipofariki ulikuwa darasa la tano. Nilikuwa na nafasi ya chuo, nikaiacha mwaka mzima ili usome. Sikuwahi kukukumbusha. Leo nakukumbusha. Kumbe nilikuwa nasomesha mtu wa kuomba radhi kwa Waziri.

Ulisema wakikutoa nje kwa kola hutanitaja. Hakuna aliyekugusa kola. Ulitoka mwenyewe, ukafunga na mlango.

Usije hapa mwezi huu. Rudisha daftari.

*

Hosteli, chumba namba 14
Jumamosi, 3 Mei

Dada,

Sawa. Umetaka, chukua.

Jumatatu, tarehe 21, siku moja kabla ya kikao, Katibu wa Bunge aliniita ofisini kwake nikaone vielelezo vya Waziri. Ndiyo kanuni: kila upande unaona karatasi za mwenzake. Daftari lako nilikuwa nalo kwenye mkoba, nimelifunga kwa gazeti. Nilikwenda kifua mbele.

Akanisukumia karatasi moja tu. Fomu ya ukaguzi wa vifaa, wodi ya watoto, wiki ya tarehe 3 hadi 9 Machi. Mitungi ya oksijeni: sita. Yenye hewa: sita. Kisha visanduku saba. Jumatatu tiki. Jumanne tiki. Jumatano tiki. Alhamisi tiki. Mpaka Jumapili. Wino mmoja, mkono mmoja. Chini, sahihi.

Hapakuwa na haja ya kusoma jina. Ule mkia unaoupinda kama ndoana chini ya herufi ya mwisho, nimeuona kwenye ripoti zangu za shule miaka saba, mahali palipoandikwa "mzazi au mlezi". Naujua kuliko sahihi yangu.

Katibu akauliza: "Mheshimiwa, unamfahamu muuguzi huyu?"

Nikasema, "Hapana." Na kwa taarifa ya Mama, nilikohoa kwanza.

Sasa nifikirie mimi, nimesimama pale. Nikiweka daftari mezani, mwandiko uleule uko kwenye karatasi mbili. Mmoja unasema mitungi miwili, mwingine unasema sita. Kwani wangemkamata Waziri? Wangekuja kukuchukua wewe kwenye hicho chumba cha kufulia, mbele ya hao mabinti, kwa kughushi nyaraka za serikali watoto wakiwa wamekufa. Vikao kumi na tano? Ningekaa nje vikao hamsini nikila karanga. Nilifuta kwa sababu ya sahihi yako, nikakaa kimya kwa sababu sikutaka ujue kuwa nimeiona. Nilidhani utaniambia mwenyewe. Badala yake umeniandikia habari za chuo.

"Makaratasi mengine ya wodi usihangaike nayo." Uliandika hivyo tarehe 19, barua ninayo. Ulijua.

Umeniita mwoga kwa barua mbili, na mji mzima umenicheka, nami nimenyamaza. Basi nijibu swali moja, wewe unayeandika kila kitu na saa yake. Tiki ya Alhamisi uliitia siku gani?

Daftari hili hapa.

*

Nyumbani
Jumamosi, 10 Mei

Mdogo wangu,

Jumatatu. Saa tatu asubuhi, tarehe 3 Machi, siku tatu kabla.

Fomu lazima ifike wilayani Jumatatu kabla ya saa sita mchana, dereva anaipitia. Kwa hiyo tunajaza wiki nzima siku hiyohiyo. Wodi zote. Niliikuta hivyo nilipoanza kazi, nikaambiwa ndivyo tunavyofanya hapa, nami nikaja kuwaambia wengine. Nimetia tiki siku ambazo hazijafika kwa miaka kumi na tisa. Jioni narudi nyumbani naandika daftari kwa uangalifu, dakika kwa dakika, nikijiona mtu mkweli.

Uliposoma redioni, kilichofanya nidondoshe shuka si kwamba umevunja ahadi. Niliikumbuka fomu. Nikakutukana wewe kwa sababu ulikuwa mbali na hukujua kuwa ipo. Waziri alisema alete anayejua, na kumbe nilikuwa nimeshamletea mwenyewe, kwa sahihi yangu.

Barua yako nilikaa nayo siku mbili. Siku ya tatu nilikwenda kwa mshonaji. Alikuwa anapima gauni la mtu, akamwambia mteja arudi kesho. Nikamwambia yote, nimesimama.

Akauliza, "Ungeandika mitungi miwili, wangeleta mingine?"

"Sijui."

"Lakini wangekuwa wameambiwa."

"Ndiyo. Wangekuwa wameambiwa."

Akarudi kwenye cherehani. Alishona mshono mzima mimi nikiwa pale mlangoni. Kisha akasema, "Sikusamehe leo. Usinisubiri hapo, niambie karatasi ya kusaini iko wapi."

Karatasi ndiyo hii niliyoambatanisha, malalamiko ya kupeleka Bungeni. Kile kitabu cha Kanuni ulichokisahau hapa, Mama alikuwa amekiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba. Nimekichomoa, nimekisoma chote. Malalamiko ya wananchi, mbunge anayeyawasilisha anayasoma kama yalivyoandikwa, hana ruhusa ya kuyabadili. Na hayo si maneno yako, kwa hiyo hutayafuta. Ndiyo sababu nayataka hayo.

Aya ya kwanza ni yangu. Inasema sahihi ile ni yangu, na iliwekwa siku tatu kabla ya siku inayoithibitisha. Aya ya pili ni ukurasa wa daftari wa tarehe 6. Ya tatu inaomba mitungi na geji zikaguliwe kwa macho, bila taarifa, siku ambayo si Jumatatu. Wamesaini mama wa wale watoto wawili na wauguzi saba wa wodi nyingine, kila mmoja akieleza fomu yake. Matroni hajasaini. Ila aliniona nikipita na karatasi mlango hadi mlango, akageuka akatazama dirisha mpaka nikamaliza.

Hujalala kwa ajili yangu, najua. Lakini bado nina hasira na wewe kwa zile sekunde kumi na mbili. Ungeniambia umeiona, ningekuja na basi la kwanza.

Soma jina langu lote. Usiongeze neno la huruma, usipunguze. Utakubali? Nimekuuliza kwanza, umeona? Ndivyo watu wanavyofanya.

Dada yako

*

Hosteli, chumba namba 14
Jumatano, 21 Mei

Dada,

Nimesoma. Jana saa nne na nusu.

Nilipofika kwenye jina lako, la kwako, la Baba na la Babu, Waziri akasimama: "Utaratibu, Mheshimiwa Spika. Mbunge huyu aliomba radhi kwa jambo hilihili." Spika akapekua Kanuni pamoja na Katibu. Nikabaki nimesimama, kipaza sauti kimezimwa, ukumbi unazomea. Mmoja wa upande wa pili akasema kwa sauti, "Leo hatafakari kwa kina?" Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na jibu zuri sana. Nikakumbuka, usiongeze neno.

Spika akawasha kipaza sauti changu. "Mheshimiwa, mlalamikaji wa kwanza ana undugu na wewe?"

"Ni dada yangu, Mheshimiwa Spika. Sahihi hiyo ndiyo iliyo kwenye ripoti zangu za shule. Na tarehe 21 Aprili Katibu aliponiuliza kama namfahamu muuguzi huyo, nilisema hapana. Nilidanganya."

Walicheka kidogo, kisha wakaacha. Akaniambia endelea. Nilisoma aya ya pili mpaka kwenye ile saa kumi na dakika tano ya mtoto wa kitanda namba sita. Hakuna aliyepiga meza, upande wowote.

Malalamiko yamepelekwa kwenye kamati, siku thelathini. Mimi nimesimamishwa vikao kumi na tano kwa kumdanganya Katibu. Nitavikalia hapo kwa Mama, kama ruhusa ya kuja imerudi.

Taarifa Rasmi naiambatanisha. Ukurasa wa 41.

Mdogo wako

*

Nyumbani
Jumatano, 28 Mei

Kasuku,

Njoo. Mama anasema uje na meza, maana ile sasa inayumba.

Barua ya kusimamishwa kazi nimeipata Ijumaa. Matroni aliileta mwenyewe kwa miguu, akasimama kizingitini, hakutaka chai. Akaniambia Jumatatu ijayo fomu za hospitali nzima atazisimamia yeye.

Jumatatu hiyo ilikuwa juzi. Dereva wa wilaya alifika saa nne kama kawaida. Wodi zote zilimpa fomu zenye tiki moja, ya siku hiyo, na visanduku sita vitupu. Alipiga kelele ukumbini kwamba hawezi kupeleka karatasi za namna hiyo. Wakamwambia arudi Jumapili. Wodi ya watoto iliandika: mitungi sita, wenye hewa ni mmoja.

Mmoja, Kasuku. Baada ya kelele zote hizo.

Ukurasa wa 41 nimeusoma, mstari kwa mstari, pamoja na daftari. Mstari wa kumi na nane wameandika "yenye hewa ni mitatu". Ni miwili. Wa tatu ndio niliougonga kwa ufunguo, na ulikuwa mtupu. Kanuni zinasema mbunge ana siku kumi na nne za kuomba marekebisho, na zimeshapita nane. Kabla hujapanda basi nenda ofisini kwao, usimame hapo mpaka wabadilishe, uone kwa macho yako.

Dada yako